Bahari ya Shamu Imefika Ngamiani

Jana barazani hapa Ngamiani, mzee mmoja kaweka kikombe chake cha kahawa chini, kasema: "Waacheni wauane huko Shamu. Bahari yetu Tanga shwari." Watu wakaitikia! Kashata ikanikwama kooni.

Shwari ipi? Mwanzoni mwa 2024 binamu yangu aliagiza Noah kutoka Japani. Wakala akampandishia nauli, eti "mambo ya Bahari ya Shamu, kaka". Nilimcheka. Nikafungua ramani kwenye simu: gari la Japani linapita Singapore, linakata Bahari ya Hindi, linashuka kwetu. Shamu linafuata nini? Nikamwita mwizi, mbele za watu.

Basi nilikosea. Nusu. Novemba 2023 Wahuthi, wale wapiganaji wa Yemen, waliiteka Galaxy Leader, meli ya kubebea magari, tena tupu. Baada ya hapo kampuni kubwa zikaikimbia Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku kumi na zaidi juu ya zile za kawaida. Meli ni zilezile, safari ndiyo imerefuka. Ile ambayo ingekuwa imesharudi kupakia mzigo mwingine bado iko kusini mwa Afrika inachoma mafuta. Meli zikaadimika hata kwenye njia ambazo hazijaona kombora, na nauli ikapanda kwa kila mtu, binamu yangu akiwemo.

Na bima! Ya hatari za vita ilikaribia asilimia 1 ya thamani ya meli, kwa safari moja tu. Meli ya dola milioni 50, piga hesabu mwenyewe. Gaidi hana hata haja ya kulenga vizuri. Akikosa, bima inapanda vilevile.

Misri ndiyo usiseme, mapato ya Mfereji wa Suez, njia ya meli za Ulaya kuingia Shamu, yalitoka dola bilioni 10 hivi yakashuka hadi karibu 4 mwaka 2024. Meli ya Rubymar nayo, iliyopigwa na Wahuthi, ilizama Machi mwaka huohuo na tani 21,000 hivi za mbolea. Mbolea, jamani!

Haya, wakala hakuwa mwizi. Lakini 2025 nauli za makontena zilishuka sana, mbona spea za Noah ziko palepale? Kupanda zilipanda kwa taarifa ya habari ya saa mbili. Kushuka zinangoja mwezi uandame?

Yule mzee, kahawa haijapoa, akaanza kulalamika kwamba balo la mitumba la mwanawe limepanda bei. Mitumba ya Ulaya. Nikamuuliza, "Mzee wangu, hilo balo limepita wapi kuja?"

Akaagiza kahawa nyingine.