Msuli Mdogo Hausemi Uongo

Mwanangu ana miaka 3 na bado hajui kusema "imezidi". Anachojua ni kulia, na kuing'oa mashine yake ya kusikia kichwani akaitupa. Juzi juzi aliitupa pale Likoni, feri ilipopiga honi, na mimi nikapiga magoti mbele za watu naitafuta chini ya mikokoteni. Anayejua bei ya kile kidude hatashangaa nikisema nililia kuliko mtoto.

Mama mkwe akasema atazoea. Jirani akasema mkaidi. Mimi nilikuwa naikumbuka siku mashine ilipopimiwa viwango vyake vya sauti.

Mashine hiyo ya nje hupeleka sauti kwenye kipandikizi cha koklea, uzi mwembamba uliotiwa ndani kabisa ya sikio, wenye elektrodi (vituo vidogo vya kutolea umeme) 12, 16 au 22 kwa kutegemea kampuni. Kila elektrodi inatakiwa kupewa kiwango cha chini, pale mtoto anapoanza kusikia, na kiwango cha juu, pale sauti ni kubwa lakini haimuumizi. Hicho cha juu ndicho kinachotesa. Ukikiweka chini, maneno hayaeleweki. Ukikizidisha, mashine inatupwa. Mtu mzima ataulizwa atajibu. Mwanangu aliongezewa umeme huku mtaalamu akimtazama usoni, na alipopepesa macho tu, ikaandikwa namba. Nisamehewe, lakini ile ilikuwa ramli.

Na njia ya kuikwepa ramli ipo tangu zamani. James Jerger, mtaalamu wa usikivu, na wenzake, Marekani, waliandika habari zake mwaka 1986. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna mifupa mitatu: nyundo, fuawe na kikuku (si kile cha harusini, ni kile cha kutilia mguu mpanda farasi). Kikuku kimeshikwa na msuli ambao haufiki hata sentimita 1. Sauti ikiwa kubwa, msuli hujikaza wenyewe, hauombi ruhusa kwa mtu; kujikaza huko ndiko kunaitwa refleksi. Tena hujikaza masikio yote mawili hata kama sauti imeingia moja.

Basi unatia kipimo chenye kizibo laini kwenye sikio la pili, unapandisha umeme wa kipandikizi kidogo kidogo, na macho yako yako kwenye skrini. Pale mstari unapoanza kubonyea kila umeme unapopigwa, msuli umejikaza na umepata jibu. Kwa watu wazima wanaoweza kujieleza, kiwango hicho hukaa karibu sana na kile wanachokiita "kubwa lakini sawa". Kwa mtoto huanziwa hapo au chini yake kidogo, kisha anawashiwa mashine na kutazamwa.

Kinachoniudhi ni kwamba kifaa chenyewe ni kilekile cha kupimia maji nyuma ya kiwambo, na kliniki tuliyoanzia kilikuwa chumba cha pili. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba watoto hawatulii.

Kweli hawatulii. Tulipopimwa mwishowe, kwingine, ilibidi nimpokonye mabuyu, kwa kuwa kutafuna peke yake kunavuruga mstari. Katuni kwenye simu bila sauti, mikono yake nimeishika mimi. Elektrodi mbili zilikataa kujibu, zikakadiriwa kwa kufuata za jirani. Zile za sauti nyembamba zilionekana ziliwekwa juu mno tangu mwanzo. Sasa nimejua kwa nini honi ilikuwa adui.

Sisemi ni dawa ya kila kitu. Kuna watu, labda mmoja katika kila wanne, ambao msuli haujibu kabisa. Sikio lenye maji au kiwambo kilichotoboka halipimiki. Kiwango cha chini nacho kinatafutwa kwa njia nyingine. Lakini msiniambie "tulishapima kwenye upasuaji", kwa sababu dawa ya usingizi huuzubaisha msuli na namba hutoka juu kuliko za mtoto aliye macho. Wala msiniambie kipimo cha neva, kile cha kuona neva ya sikio inavyoitikia umeme, kinatosha. Ni rahisi, mtoto anaweza hata kulala, ila hakikikaribii hicho kiwango cha juu kama msuli unavyokikaribia. Mzazi mwenzangu, uliza tu: "Mtampima refleksi?" Wakikataa, waulize sababu, na jibu la kwamba hatulii usilikubali kabla hawajajaribu.

Miadi yetu ni mwezi ujao, Nairobi, kwa treni ya Miritini. Na huyu tangu Jumapili ana mafua. Leo asubuhi nimepiga simu kuuliza: tuje wamtazame masikio kwanza, au tungoje mafua yakauke?