Chuo kikuu kikiwa jirani tajiri

Agosti 2010, kijana wa miaka 18 alipigwa risasi kusini mwa jiji la Chicago, karibu kabisa na hospitali ya Chuo Kikuu cha Chicago. Gari la wagonjwa halikumpeleka hapo. Lilikwenda naye hadi katikati ya jiji, maili tisa hivi, kwa kuwa hospitali ya chuo ilikuwa imefunga kitengo cha majeruhi watu wazima tangu 1988. Cha watoto kilikuwepo, ila yeye alishavuka umri. Akafariki. Vijana wa mtaa ule wakaandamana mwaka baada ya mwaka, na Mei 2018 chuo kikafungua kitengo hicho upya.

Kisa hiki hutajwa sana na wanaoamini kwamba chuo kikuu cha mjini hakina haja na majirani zake ila ardhi yao. Lakini hospitali haikuifunga huduma ile kwa chuki. Majeruhi wengi wa risasi hawakuwa na bima, na hasara ilikuwa ya kweli. Kama huduma ya dharura ni haki ya raia, kwa nini mzigo wake ubebwe na taasisi moja kwa sababu tu imejengwa karibu na maskini? Swali hilo lina uzito. Hata hivyo linasahau kwamba taasisi hiyo hailipi kodi ya majengo kama wengine, kwa hoja kwamba inatumikia umma. Ukisamehewa kodi kwa jina la umma, umma una haki ya kukuuliza.

Watetezi wa vyuo wana hoja nyingine, nayo kwangu ndiyo yenye nguvu zaidi: viwanda vilihama, vyuo vikabaki. Philadelphia na New Haven, huko huko Marekani, zilikuwa miji ya viwanda. Leo mwajiri mkubwa kuliko wote wa sekta binafsi Philadelphia ni Chuo Kikuu cha Pennsylvania pamoja na hospitali zake, na New Haven huwezi kuzungumzia ajira bila kukitaja Chuo Kikuu cha Yale. Chuo hakiwezi kubeba maktaba na maabara zake kikahamia kwenye mishahara midogo. Kimefungwa pale pale, na mtaa ukiharibika nacho kinaumia.

Tatizo ni namna kilivyojihami. Miaka ya 1960, mtaa wa Black Bottom huko West Philadelphia, uliokaliwa zaidi na Wamarekani Weusi, ulibomolewa kupisha upanuzi wa vyuo na maabara, na maelfu ya watu wakahamishwa. Chuo Kikuu cha Pennsylvania hakikufanya hivyo peke yake. Sheria ya makazi ya Marekani ilirekebishwa mwaka 1959 ili fedha ambazo chuo kilitumia kununua ardhi jirani zihesabiwe kama mchango wa jiji katika miradi ya serikali kuu ya kujenga upya miji. Maana yake, chuo kilipopanuka, jiji lilivuna fedha za serikali kuu bila kutoa zake. Wa kumtetea mpangaji angetoka wapi?

Miaka ya 1990 chuo hicho hicho kilibadili mwenendo chini ya rais wake Judith Rodin. Kilinunua bidhaa kwa wafanyabiashara wa jirani, kikawasaidia watumishi wake kununua nyumba mtaani, na mwaka 2001 ikafunguliwa shule ya umma ambayo chuo kinaichangia fedha. Shule ikawa nzuri mno. Bei za nyumba ndani ya mpaka wake, yaani eneo ambalo watoto wake huandikishwa hapo, zikapaa, na Januari 2013 wazazi wakapanga foleni nje, kwenye baridi, siku kadhaa kabla ya uandikishaji wa chekechea, mpaka mamlaka za elimu zikaamua kutumia bahati nasibu.

Hapo ndipo mjadala wa kawaida unapopotoka. Tunasema “majirani” kana kwamba ni mtu mmoja. Aliyekuwa na nyumba yake ndani ya mpaka ule alitajirika. Aliyepanga, kodi ya pango ilipopanda, alifungasha. Wote wawili ni majirani, na mradi uleule ulimnufaisha mmoja ukamfukuza mwenzake. Kwa hiyo chuo kinaposema kimeinua mtaa, hakidanganyi. Hakijasema tu nani aliyebaki kuufaidi.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni fedha. Mwaka 2021 Yale ilikubali kuipa New Haven jumla ya dola milioni 135 hivi katika miaka 6, milioni 52 kati yake zikiwa nyongeza. Wakosoaji wakasema ni kidogo kwa chuo ambacho mfuko wake wa uwekezaji ulishapita dola bilioni 40. Upande wa pili ukajibu kwamba sheria haikidai hata senti kwa majengo ya elimu, na kwamba jimbo la Connecticut hulipa jiji sehemu ya pengo hilo. Majibu yote mawili ni sahihi, ndiyo maana hayamalizi ubishi.

Mimi naegemea upande wa mkataba ulioandikwa, hata ukiwa mdogo, kuliko hisani kubwa inayotegemea moyo wa rais wa chuo aliyepo. Lakini karatasi nayo si ngao. Chuo Kikuu cha Columbia kilipotaka kupanua kampasi yake Manhattanville, New York, kilisaini mwaka 2009 mkataba wa dola milioni 150 kwa manufaa ya jamii. Majadiliano hayo yalifanyika huku ikijulikana kwamba serikali ya jimbo inaweza kutwaa viwanja vya waliogoma kuuza, na mwaka 2010 mahakama ya juu ya jimbo iliruhusu hivyo. Kujadiliana huku ardhi yako inaweza kuchukuliwa vyovyote iwavyo ni kujadili ukubwa wa kifuta jasho tu.

Makubaliano ya New Haven yana mwisho wake, na yakiisha lazima pande zikutane tena. Safari hiyo ningependa kuona wapangaji wana kiti chao mezani, wasiachiwe meya peke yake awasemee.