Mashoto: mkono wa adabu na mkono wa kazi

Kiswahili chenyewe kilishatoa hukumu kabla mtoto hajashika penseli. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Jina lake jingine, mkono wa kuume, linauhesabu kuwa wa kiume, na mwenzake umeandikwa katika kamusi za zamani kuwa mkono wa kike. Anayetanguliza huo wa pili anaitwa mashoto, na hata akimpa mtu chenji anatakiwa aombe radhi kwanza: "Samahani, mkono wa kushoto."

Takribani mtu 1 kati ya 10 duniani ni mashoto. Katika darasa la watoto 50, hao ni kama 5. Wazazi na walimu wamekuwa wakibishana tangu zamani kama watoto hao wabadilishwe au waachwe. Kila upande una hoja nzito kuliko upande wa pili unavyopenda kukiri, lakini wote huuzungumzia mkono kana kwamba una kazi moja tu.

Tuanze na wanaotaka mtoto abadilishwe, kwa sababu siku hizi husemwa kuwa ni washamba, na si kweli. Pale watu wanapotumia maji na kopo chooni, mkono wa kushoto ndio wa kuchambia. Watu hao hao wakikaa kuzunguka sinia moja la wali, mgawanyo wa mikono ni kinga ya tumbo iliyokuwapo kabla ya sabuni kufika kila nyumba. Kwa Waislamu kuna fundisho la wazi pia. Kijana Umar bin Abi Salama alipokuwa akizungusha mkono sinia zima, Mtume alimwelekeza ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Mtoto wa Pwani anayetia mkono wa kushoto kwenye sinia haonekani kuwa na kipaji cha pekee. Anaonekana hakulelewa, na aibu inamrudia mama yake.

Hoja yao ya pili ni ushahidi wa macho: wazee tele waliogeuzwa utotoni wanaandika kwa mkono wa kulia, tena mwandiko mzuri, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Kufa, kwa kweli, kuliwahi kuingizwa kwenye mjadala huu. Mwaka 1991 watafiti Diane Halpern na Stanley Coren walichapisha matokeo ya kuhesabu vifo kusini mwa California, yakaonyesha kuwa mashoto walikufa wakiwa na wastani wa miaka 66 na wenzao miaka 75. Miaka tisa! Habari ilizagaa, na bado inazagaa. Kasoro yake iko kwenye hesabu. Marekani ya mwanzoni mwa karne ya 20 iliwageuza watoto wengi shuleni, kwa hiyo miongoni mwa wazee wa 1991 mashoto waliokuwa wakijulikana hivyo walikuwa wachache mno. Kundi ambalo halina wazee lazima wastani wa umri wa maiti zake uwe mdogo. Ni kama kuchukua umri wa waliokufa wakiwa watumiaji wa simu ya mkononi mwaka 2000, kisha useme simu inafupisha maisha. Hesabu hiyo haikupima uhai wa mashoto. Ilipima, bila kukusudia, ukali wa walimu wa zamani.

Sasa kalamu. Kumega tonge, kulifinya na kulichovya ni kazi ya kiganja kizima. Mtoto wa miaka mitatu anayekumbushwa kwa upole kila mlo atazoea kula kwa mkono wa kulia ndani ya wiki kadhaa, na akikosea hasara ni tone la mchuzi. Kuandika ni kitu kingine. Vidole vinasogea kwa milimita, kwa miaka, huku mtoto akisikiliza imla na kukumbuka kama "ng'ombe" ina king'ong'o. Aliyegeuzwa anatumia akili yake kuchonga herufi "a" wakati jirani yake yuko sentensi ya tatu. Anachelewa, anaambiwa mvivu, na uchovu wa mkono unahesabiwa kuwa uzito wa kichwa. Kumlazimisha pia hakuufuti ushoto. Watafiti waliopiga picha ubongo wa Wajerumani watu wazima waliogeuzwa utotoni, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2002, walikuta kuwa wanapoandika kwa mkono wa kulia, upande wa ubongo unaoongoza mkono wa kushoto bado unashughulika kuliko kwa watu ambao ni wa kulia tangu kuzaliwa.

Hapa watetezi wa mashoto huvuka mpaka. Wanakimbilia kigugumizi, na mfano wao ni Mfalme George VI wa Uingereza, mashoto aliyelazimishwa kuandika kwa kulia, kisha akawa na kigugumizi. Watafiti Samuel Orton na Lee Travis kule Iowa, Marekani, walijenga nadharia ya namna hiyo miaka ya 1920 na 1930. Tafiti za baadaye hazikuithibitisha kama sababu ya moja kwa moja: wengi waligeuzwa wasipate kigugumizi, na wengi wana kigugumizi bila kuguswa mkono. Hata mfalme huyo alikuwa na mambo mengine mengi ya kumkosesha raha nyumbani kwao. Wanaotetea mashoto hawahitaji kutishia watu na kigugumizi. Mateso ya kila siku ya daftari yanatosha.

Kosa lao kubwa zaidi ni neno "mwacheni". Mwalimu wa kisasa hamchapi mashoto, na Kenya sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko kwa mwanafunzi yeyote, lakini humwacha kweli kweli: hamfundishi. Anamwonyesha jinsi ya kukaa na kushika penseli kama wengine, kisha anashangaa mkono umejikunja kama ndoano, kiwiko hewani, kiganja kikipita juu ya maandishi. Mkunjo huo una sababu. Maandishi yetu yanakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Mkono wa kulia unaivuta peni ukiacha maneno nyuma yake wazi, ilhali wa kushoto unaisukuma peni, unafunika neno lililoandikwa sasa hivi na kulipangusa kabla wino haujakauka. Mtoto anakunja kifundo ili aone anachoandika. Baada ya kurasa mbili mkono unauma, na ukingo wa kiganja, upande wa kidole cha mwisho, umekuwa mweusi.

Tiba yake ni kulaza daftari. Liwekwe kushoto kwa kitovu cha mtoto, si katikati ya kifua, kisha lizungushwe kwa mwelekeo wa mshale wa saa, nyuzi 30 hadi 45, mpaka kona ya chini ya kulia ielekee tumbo lake. Penseli ishikwe sentimita 3 hadi 4 kutoka nchani, juu kidogo kuliko wenzake, ili vidole visizibe herufi. Kifundo kibaki kimenyooka na mkono ukae chini ya mstari, usipande juu yake. Penseli iwe HB, maana laini zaidi inachafua. Peni iwe ya wino unaokauka upesi, kwa hiyo peni za jeli zisubiri. Dakika 10 kwa siku, kila siku, kwa miezi miwili mitatu ya darasa la awali au la kwanza, zinatosha watoto wengi. Ndoano ikishazoeleka mpaka darasa la nne, kuiondoa ni kazi, na mara nyingi ni heri kuiacha.

Kuna mambo madogo yanayomkwamisha zaidi ya hayo na hayaonekani kwa aliye wa kulia. Mwalimu huandika herufi ya mfano mwanzo wa mstari, upande wa kushoto, ili mtoto ainakili. Mashoto akianza tu, mkono wake umeshaufunika mfano. Dawa ni kuuandika mwisho wa mstari vilevile. Mashoto wengi huchora duara la "o" kwa mwelekeo wa mshale wa saa, na mkato wa "t" wakauvuta kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu mkono wao huvuta upande huo. Herufi ikisomeka, hakuna haja ya kalamu nyekundu. Kugeuza "b" kuwa "d" hufanywa na watoto wa mikono yote kabla ya miaka saba na hakuhusiani na laana yoyote. Rula nayo ina sifuri upande wa kushoto, wakati mashoto huchora mstari akitoka kulia. Mfundishe aanzie kwenye 7 na kuishia kwenye 0, atapata sentimita 7 zilezile.

Dawati la watoto watatu linastahili kutazamwa kwa karibu. Mashoto akikaa katikati au mwisho wa kulia, kiwiko chake cha kushoto kinagongana na kiwiko cha kulia cha jirani kila mstari. Wote wawili wanaandika ovyo, ugomvi unazuka, na anayeitwa mkorofi unamjua. Mhamishie mwisho wa kushoto wa dawati. Hilo ndilo badiliko la bei rahisi kuliko yote shuleni, halina gharama hata ya senti, na ajabu ni jinsi lisivyofanywa.

Wasiwasi mwingine ni wa kumtambua. Usimuulize mtoto mkono gani anaupenda, kwa sababu atakupa jibu analodhani unalitaka. Weka kijiko, mpira, kitana na penseli mbele yake, katikati kabisa, kwa siku tofauti, utazame mkono unaotangulia. Kufikia miaka mitano au sita wengi wameshaamua. Anayebadilisha-badilisha mpaka hapo mpe muda, usimchagulie. Na asitafutwe wa kulaumiwa katika ukoo: wazazi wawili mashoto huzaa mtoto mashoto kama mara 1 kati ya 4 tu, na hata kwa mapacha wa kufanana wakati mwingine mmoja huwa wa kulia na mwenzake wa kushoto.

Wanaosema vifaa vyote ni vya kulia wana haki, ila kwa baadhi ya vifaa. Jembe halijali mkono. Mkasi unajali sana. Mkono wa kulia unapofunga mkasi, kidole gumba kinasukuma mpini mmoja na vidole vinavuta mwingine, na nguvu hizo zinabana mabapa mawili yashikane. Mkono wa kushoto ukiufunga mkasi uleule, unayatenganisha, na kitambaa kinajikunja katikati badala ya kukatika. Kuugeuza juu chini hakusaidii, maana bapa la juu hubaki upande uleule. Mwanafunzi wa ushonaji aambiwe avute kidole gumba kwa makusudi kuelekea kiganjani, au anunuliwe mkasi wa shoto wenye mabapa yaliyobadilishwa. Katika karakana za ufundi kuna hatari halisi: drili nyingi za umeme zina kitufe cha kufungia swichi upande wa kushoto wa mpini, pale gumba la mkono wa kulia linapofika. Mkono wa kushoto unakibonyeza kwa kiganja bila kujua, na drili inaendelea kuzunguka baada ya kidole kuachia. Mwalimu wa karakana amwonyeshe kitufe hicho kabla ya kuwasha umeme. Kumwambia "tumia wa kulia" kwenye mashine ambayo mkono wake hauimudu si usalama.

Kwa kazi za kuiga, kama kufunga kamba za viatu au kusuka ukili, aliye wa kulia asikae kando ya mashoto. Akae mbele yake, ana kwa ana. Mikono yake itakuwa kioo, na mtoto atafuata bila kugeuza chochote kichwani.

Turudi kwenye dini, maana hapo ndipo ubishi huishia nyumbani. Fundisho la mkono wa kulia linataja kula na kunywa, kutoa na kupokea. Kalamu haimo. Wanahistoria wa Kiislamu wameandika kuwa Khalifa Umar bin Khattab alifanya kazi kwa mikono yote miwili sawasawa. Kwa Wakristo, kitabu cha Waamuzi kinamtaja Ehudi wa Benyamini, mtu wa shoto, na baadaye mashoto 700 wa kabila hilo waliorusha mawe kwa teo wasikose hata unywele. Mzazi anaweza kushikilia sinia kwa ukali wote anaoutaka na kuiachia penseli bila kuvunja neno. Mtoto naye afundishwe kupokea kwa mikono miwili. Ni adabu inayokubalika kote, na inamwondolea kazi ya kukumbuka mkono upi.

Wale wanaowapamba mashoto kuwa ni werevu kupita wengine nao watulie kidogo. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya, alitia saini sheria zake kwa mkono wa kushoto, na orodha za watu maarufu kama yeye hupitishwa sana mitandaoni. Katika michezo ya kukabiliana, kama ngumi, faida ipo kweli, kwa sababu mpinzani hajazoea ngumi inayotoka upande huo. Darasani faida hiyo haipo, na mtoto anayeambiwa ana kipaji hatafundishwa kulaza daftari.

Ila kuna chumba kimoja ambamo mashoto anatangulia, nacho ndicho anachokemewa zaidi. Madrasa huandika Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Hapo mkono wa kushoto unavuta badala ya kusukuma, neno linabaki wazi nyuma yake, na wino haupanguswi. Daftari lake la alifu na be linaweza kuwa safi kuliko la Kiswahili aliloandika asubuhi shuleni, ustadhi akiruhusu.