Mtumbwi wa mjomba uko wapi?

Juzi nilimpelekea mjomba wangu, kule Kibirizi, video ya igizo letu. Yeye ndiye aliyetujengea jukwaa. Alichukua mtumbwi uliochakaa, akaukata katikati, akausimamisha pembeni. Nyuma yake akatundika viroba vya unga alivyovifumua na kuvishona pamoja, akavipaka rangi ya ziwa la usiku, kisha akafunga vitaa kama zile taa za wavuvi wa dagaa tunazoziona Ziwa Tanganyika giza likishaingia. Siku ya onyesho, taa zilipowaka, ukumbi mzima ulishangilia.

Mjomba aliitazama video yote, saa moja na nusu, bila kusema kitu. Akanirudishia simu, akaniuliza:

"Mjomba, mtumbwi uko wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Usiku nikairudia peke yangu nikihesabu. Mtumbwi unaonekana kwa sekunde 11. Muda uliobaki kamera imeganda kwenye nyuso. Mjane analinyooshea ziwa mkono akimwita mumewe, lakini mkono umekatwa na ziwa halimo. Anamwita nani, na yuko wapi? Halafu mwisho wenyewe: taa zinazimwa mojamoja mpaka inabaki moja, ya mumewe, nayo inazimika. Pale hakuna mwigizaji anayesema neno, linalosema ni jukwaa. Kwenye video ni uso wa mama analia, basi.

Hili limeniuma kweli. Anayebuni jukwaa anasimulia hadithi sawa na mwigizaji. Ukimwondoa kwenye picha, umefuta nusu ya maneno.

Angalieni Bregenz, Austria, ambako opera, yaani igizo la kuimbwa, huchezwa kwenye jukwaa lililo ndani ya maji ya Ziwa Constance. Walianza mwaka 1946 kwa matishari mawili tu. Mwaka 2017 walicheza Carmen, na mbunifu Es Devlin akasimamisha mikono miwili mikubwa mno ikichomoza ziwani na kurusha karata hewani. Mle Carmen, mwanamke wa hadithi hiyo, hachomwi kisu kama ilivyozoeleka, anazamishwa majini. Onyesho lile lilirekodiwa. Sasa mtu avute kamera kwenye shingo ya mwimbaji tu, ziwa lisionekane: kifo kile utakielewaje?

Najua, wenzetu wana kamera nyingi na sisi tulikuwa na moja. Najua pia watu wanatazama kwenye simu, na uso wa mbali hausomeki. Haya, nakubali. Lakini mwenye kamera moja ndiye hasa anayepaswa kujua mapema ni wakati gani arudi nyuma. Na rangi inayopendeza ukiwa kiti cha mwisho huonyesha michirizi ya brashi kamera ikisogea. Fundi akiambiwa mapema ataipaka vingine. Kwetu mpiga picha alifika saa kumi, onyesho saa kumi na moja, mjomba akiwa bado juu ya ngazi anafunga waya. Hakuna aliyewakutanisha. Hata jina la mjomba mwishoni mwa video halimo.

Tunarudia igizo Ujiji. Nimeomba mpiga picha aje siku ya mazoezi, akae na mjomba benchi moja, aonyeshwe taa ya mwisho inazimika saa ngapi. Mjomba amekubali kuja. Ile nusu nyingine ya mtumbwi ameshaanza kuipiga msasa.