Daktari, hukuniuliza kama mimi ni maalim

Ziba pua kwa vidole viwili, kisha sema "mama". Umesema "baba", au kitu cha jirani na baba. Sema "ng'ombe", inatoka "gobe". Watoto wa chuoni kwangu, chuo cha Kurani hapa Langoni, Lamu, hucheza mchezo huu mpaka machozi yawatoke kwa kicheko, na aliyewafundisha ni mimi mwenyewe, maana sijaona njia nyepesi kuliko hiyo ya kumwonyesha mtoto ghunna, ule mlio wa puani katika usomaji wa Kurani, inatoka wapi. Wanazuoni wa tajwidi, elimu ya kutamka Kurani, wamesema zamani: makhraji yake, yaani pahala inapotokea, ni khayshumu, huko ndani ya pua. Mimu na nuni, m na n za Kiarabu, zikiwa na shada, alama ya kukaza herufi, huvutwa harakati mbili, yaani mapigo mawili, na ukiziba pua ikakatika, basi ndiyo yenyewe.

Pua yangu ilikaa imezibwa miaka sita bila kidole cha mtu. Kipanda uso kila alfajiri, kamasi zikiteremka kooni, na kabla ya kila aya lazima nikohoe kwanza kama gari bovu. Nilipuliza dawa, nikameza vidonge, nikajifukiza mkaratusi chini ya shuka. Mwisho skani ikaonyesha nyama za pua zimeota na matundu ya mashavuni yamejaa. Nikavuka bahari hadi Mokowe, nikapanda basi la Mombasa, nikapasuliwa.

Kabla ya upasuaji nilijazishwa fomu. Presha, sukari, mzio, sigara, meno ya bandia, na nani atalipa. Hilo la mwisho waliliuliza mara mbili. Kazi yangu hakuna aliyeitaka kujua. Hospitali siitaji, kwa kuwa kazi ya mikono waliifanya vizuri na leo navuta pumzi kama mtu. Lakini mtu anayesomesha Kurani kutwa nzima, anayeadhini, anayeimba kaswida au anayenadi samaki bandarini, pua yake ni chombo cha kazi. Mwashi akija na mkono, ataulizwa anatumia upi. Mimi nilikwenda na pua, wakaona pua tu.

Nilipozinduka sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mtu aliyelala baharini usiku wa kusi. Nikajua nimekwisha. Muuguzi akasema, "Itarudi tu, mzee," akaenda zake. Siku nyingine ndipo nilipoelewa: ukilazwa usingizi wa dawa, mara nyingi hupitishwa mpira wa kupumulia katikati ya nyuzi za sauti, na nyuzi zile hubaki zimechubuka siku chache. Hilo ni jambo la koo, halina uhusiano na matundu yaliyosafishwa. Likipita wiki mbili tatu bila nafuu, rudi ukatazamwe koo. Sentensi mbili tu hizo, nami ningelala usiku ule.

Kisha ikaja zamu ya pua. Uvimbe, damu iliyoganda, magamba. Nikawa na king'ong'o kibaya kuliko cha kabla ya kisu. Kupenga marufuku. Kila siku kuosha kwa maji ya chumvi, na hapa nawaomba ndugu zangu tusikilizane: si maji ya kisima wala ya mfereji hivi hivi, hata kama yametoka vilimani Shela na babu zetu wameyanywa. Yachemshe yapoe. Maji ya kunywa tumboni na maji ya kupandisha puani ni mambo mawili, kuna vijidudu ambavyo tumbo huviweza na pua haiviwezi.

Watoto wakaniuliza, "Maalim, bado una mafua?" Msikitini mzee mmoja akanidhihaki, "Ustadhi, walikukata pua au ulimi?"

Baada ya wiki sita hivi njia ikafunguka, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Nuni ilikuwa ikilia kichwani mwangu kama nyuki aliyeingia mtungini. Nilihisi ghunna imezidi, inapanda mpaka kwenye nyusi. Siku nne nikamwachia mwenzangu aswalishe. Usiku nikatoa simu, nikamchezea mke wangu sauti niliyorekodi mwaka mmoja nyuma na nyingine ya jioni ile, bila kumwambia ipi ni ipi.

"Ya zamani ni hii," akasema, akanyooshea ile mpya. Kisha akasita. "Baba Swaleh, zote si wewe?"

Mtu hujisikia kwa njia mbili, kwa hewa inayoingia masikioni na kwa mtetemo wa mifupa ya kichwa chake. Wengine husikia ile ya hewa peke yake. Ukifunguliwa vyumba vilivyokuwa vimejaa kamasi miaka sita, mtetemo wa kichwani haubaki vile vile, na wewe ndiye wa kwanza kuusikia, pengine na wa mwisho. Waliopima sauti kwa mitambo kabla na baada ya upasuaji wa namna hii wamekuta mabadiliko zaidi kwenye herufi za puani. Kupanda na kushuka kwa sauti ni kazi ya nyuzi za kooni, na kisu cha pua hakifiki huko.

Kwa hiyo siko pamoja na shangazi yangu, aliyeniita kabla sijasafiri: "Njoo hapa, mwanangu. Ukikatwa pua, sauti haina kwao tena." Ile sauti niliyokuwa nikiilinda ilikuwa ya mgonjwa. Nilikuwa nimeizoea tu, na miaka sita nimewasomesha watoto wa watu mimu yenye harufu ya be.

Ninalolidai ni dogo. Mwenye kazi ya sauti aiseme kabla hajaulizwa, arekodi usomaji wake kabla ya kwenda, na amwombe daktari amweleze sauti itakuwaje wiki ya kwanza na itakuwaje mwezi wa pili. Na madaktari wasione haya kujifunza kwetu. Anayehesabiwa kuwa alifungua njia ya kuzitazama nyuzi za sauti za mtu aliye hai, mwaka 1854, kwa kioo cha daktari wa meno na mwanga wa jua, ni Manuel García, na kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuimba.

Chuoni mchezo wa kuziba pua unaendelea. Juzi kitoto kimoja cha miaka saba kimeniuliza, "Maalim, na punda je, akizibwa pua hulia vipi?" Nimekiambia kinipe muda, natafuta punda mwenye subira.