Kufuli Mpya kwa Skuli Iliyofungwa

Kengele ya skuli yetu ya sekondari ilikuwa ringi ya lori iliyotundikwa mwembeni na kugongwa kwa kipande cha nondo. Hadi leo inaning'inia pale pale, na vitoto vinavyokwenda chuoni kusoma Kurani huitupia mawe walau ilie. Kaka na dada zao wamehamishiwa skuli ya ghorofa, mwendo wa saa nzima na ushei kwa miguu, tena kwa anayezijua njia za mkato.

Niseme mapema: ghorofa siichukii. Nimeingia, nimeona maabara ina mabomba yanayotoa maji, nikakumbuka sisi tulivyosoma kemia kwa kuvichora vifaa ambavyo hatukuwahi kuvigusa. Kidato cha nne chetu cha mwisho kilikuwa na watoto 11. Mwalimu wa hesabu ndiye huyo huyo wa fizikia; akiumwa yeye, masomo mawili yanalala. Anayesema skuli ile ilikuwa hoi hajaisingizia.

Ninachogombana nacho ni namna ilivyofungwa. Jengo lile lilianza kwa msaragambo: wanaume wakivunja mawe, kina mama wakibeba mchanga kwa karai, mchango wa saruji ukipita nyumba hadi nyumba, mpaka kuta zilipofika kwenye lenta ndipo serikali ikaja kuezeka. Skuli nyingi za Unguja na Pemba zimesimama hivyo. Mama yangu ana kovu mguuni la jiwe lililomponyoka siku hizo. Siku ya kufunga akaitwa sheha, kiongozi wa shehia yetu, peke yake, na sisi wengine tukapata habari kwa barua waliyorudi nayo watoto.

Halafu kuna karafuu. Zamani msimu ukipamba moto, mtoto alitoka skuli saa saba, akala, akapanda mkarafuu hadi jua lizame, usiku akazichambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake na daftari liko pembeni. Sasa anafika nyumbani alasiri, miguu inamuuma. Karafuu haingoji, ikishachanua mtini, thamani yake imekwenda. Baba mwenye miti sita na deni dukani atachagua nini? Mimi simlaumu, ingawa najua anayeumia.

Wasichana ndio wananitia wasiwasi zaidi. Njia inakatisha bondeni kwenye mashamba ya mpunga, na alfajiri kiza bado kizito. Mpwa wangu wa kidato cha pili husindikizwa na babu yake, mzee wa miaka 70 na zaidi. Babu akishikwa na kikohozi, mtoto habanduki nyumbani. Majirani wawili washawaondosha binti zao, mmoja keshaposwa.

Mzee Karume alitangaza elimu bure Septemba 1964, na kweli ada hatutozwi. Lakini nauli ya gari kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki, kwa watoto watatu wa nyumba moja, bure yake iko wapi? Kama dahalia ya wanafunzi kulala haijengwi na gari ya skuli haipo, kidato cha kwanza na cha pili wangeachiwa pale pale.

Juzi nilipita. Kila mlango umetiwa kufuli mpya, inang'aa. Miaka yote niliyosoma pale tulikuwa tukiomba kufuli, madawati yasiibiwe, tukijibiwa fungu halipo.