Mbunifu wa bustani hapimwi siku ya kukabidhi kazi

Si ajabu siku hizi jijini Dar es Salaam kumsikia mhasibu au ofisa wa benki akisema anataka kuacha kazi awe mbunifu wa bustani. Wanaomuunga mkono wana hoja. Nyumba zinazidi kujengwa Goba, Madale na Kigamboni, na mwenye uzio mpya anatamani nyasi na kivuli. Miche ipo kando ya Barabara ya Bagamoyo, vibarua wapo. Tena aliyezoea hesabu anajua kuandaa makadirio, kuandika mkataba na kudai malipo bila ugomvi, na mafundi wengi wa bustani wameumia kwa kukosa hayo.

Wanaompinga husema hakuna atakayelipia mchoro, na hapo wana ukweli mwingi. Mteja wa kawaida anaielewa bei ya mche na ujira wa kibarua. Mchoro anauona karatasi tu. Basi ada ya ubunifu hufichwa ndani ya bei ya miche, na mbunifu anashawishika kupanda mingi kuliko uwanja unavyoweza kubeba. Ndiyo ile miashoki iliyobanana ukutani, kila mmoja ukimnyima mwenzake mwanga.

Ila pande zote mbili zinasahau maji. Visima vingi vya pwani vina chumvi. Chukua uwanja wa nyumba mpya: chini kuna kifusi na mabaki ya saruji, juu umemwagwa udongo mwekundu wa kina cha kiganja. Masika, Machi hadi Mei, kila kitu kinashika na mteja anapiga picha. Ikifika Agosti anamwagilia maji ya kisima, ncha za majani zinaungua, na udongo unafanya ukoko mweupe. Nyasi za paspalum zitavumilia, bogenvilia nayo itajikongoja, mawaridi yatakufa. Maji yale yalipaswa kupimwa kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa.

Ujuzi huo unachukua muda hata kwa aliyesomea mimea. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza mwaka 1971 kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, aina nyingi alizojaribu hazikudumu. Mivinje ndiyo iliyostahimili mwamba mtupu na maji ya chumvi, kisha majongoo wakayatafuna majani yake makavu mpaka yakawa mboji. Msitu uliopo pale leo umetokana na miaka ya kuangalia kipi kinakufa na kwa nini.

Kwa hiyo simshauri mtu aandike barua ya kuacha kazi kabla hajatunza bustani ya mtu mwingine mvua na kiangazi. Najua pingamizi lake, nalo ni zito: kazi ya Jumamosi haitoshi. Lori la udongo huja Jumanne, na kibarua asiyesimamiwa atafukia mche pamoja na kiriba chake, yaani mfuko wa plastiki uliooteshewa, nawe utashangaa baadaye kwa nini haukui. Ndiyo maana naona mlango mzuri zaidi ni mikataba ya utunzaji ya nyumba mbili tatu, yenye msimamizi unayemwamini. Ada ya utunzaji huja kila mwezi, jambo ambalo kazi ya kubuni peke yake haikupi.

Shule pia ina nafasi yake. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, wanafundisha kilimo cha bustani, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) nchini Kenya wanafundisha usanifu wa mandhari. Anayelenga hoteli kubwa au viwanja vya umma asilikwepe darasa.

Mwenye mkopo unaokatwa kwenye mshahara asubiri mpaka ada za utunzaji zimudu kodi na chakula. Asiye na mzigo huo aombe bustani ya kutunza mwezi Juni, mvua zikishakatika, badala ya Machi.